Mwaka wa Vichwa Ukutani

Nilipofika Kihurio kumzika Namsifu, watu wa nyumba waliniletea kiti wakakiweka upande wa kushoto wa jeneza, karibu na dirisha, ili nipate upepo. Nikakataa. Nikazunguka na mkongojo wangu, nikakaa upande wa kulia, na hakuna aliyeniuliza sababu, maana ukoo mzima ulijua kwamba Namsifu hakusikia kwa sikio la kushoto na mwenye haja naye alipaswa kumkalia kulia. Watoto wake walizoea hivyo tangu wangali wananyonya. Mimi peke yangu, kati ya wote waliojaa nyumba ile, nilijua sikio lile lilivyopotea, au nilidhani najua, na jambo hilo nimelibeba tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini hadi leo ambapo meno yangu yanahesabika. Mume wangu alikufa bila kuambiwa. Mchungaji aliyebariki ndoa yangu hakuambiwa. Niliogopa kulisema, na woga wenyewe ulikuwa wa aibu, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa misheni na mtu wa kusoma.

Habari za ukoo wangu nitaziacha. Zimejaa kesi za mipaka ya mashamba, na kesi za Wapare ni tamu kwa Wapare wenyewe tu. Itoshe kujua kwamba nilitoka Shighatini, Ugweno, nikapelekwa kufundisha shule ya wasichana ya misheni kwenye milima ya kusini, mwendo wa siku nzima kupanda kwa miguu kutoka Same. Waingereza ndio waliotawala, na vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Walimu wanawake tulikuwa wawili, mimi na Namsifu wa Kihurio aliyefundisha hesabu, na tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili vya kamba, dirisha dogo, na sanduku lake la bati lililonukia mchele, kwa sababu mama yake hakumwacha apande mlimani bila gunia. Siku ya kwanza alihamisha kitanda chake kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nilipomuuliza alisema akilala kule anaota ndoto mbaya. Mezani alishika kiti cha mwisho kushoto, na njiani alikuwa na tabia ya kunisukuma taratibu hadi niwe upande wake wa kulia. Nilimwona mtu wa kudeka. Tulikula makande siku sita kwa wiki na wali wake siku ya saba, akanicheka Kigweno changu, nami nikamcheka miguu yake ya mtu wa tambarare, iliyoteleza kila penye mteremko. Nilimpenda upesi sana, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Mkuu wa shule alikuwa mmisionari wa Kizungu, mwanamke mrefu tuliyemwita Bibi Mkuu. Mwanzoni mwa mwaka alitangaza kwamba mkaguzi wa elimu atakuja, na kwamba ukuta wa darasa kubwa utachorwa historia ya mataifa ya kale, kuanzia Waajemi. Kazi akanipa mimi, kwa sababu ramani zangu ubaoni zilikuwa safi. Nilimwambia sijapata kumwona Mwajemi. Akanijibu kwamba pale stesheni ya Same yupo mmoja, karani wa mizigo, nikaazime kitabu kwake.

Karani huyo aliitwa Bwana Framji. Sisi tulimhesabu Mhindi kama Wahindi wengine wenye maduka, kumbe baba zake walihama Uajemi karne nyingi zilizopita, wakavuka kwenda Bara Hindi na dini yao ya zamani, ile ya kabla ya Uislamu. Chumba chake nyuma ya stesheni kilikuwa na joto la kuoka mkate. Ndani mlikuwa na meza, picha ya wazazi wake, na taa ndogo ya mafuta iliyowaka mchana kweupe bila mtu kuisomea. Alininywesha chai yenye iliki, akanawa mikono, ndipo akakifungua kitabu. Zilikuwa picha za ngazi za jumba la mfalme wa Waajemi, na kwenye mawe ya ngazi hizo wamechongwa watu wa kila nchi waliyoitawala, wamepanga foleni kumletea zawadi, kila taifa na mavazi yake: hawa na ngamia, hawa na kondoo, wengine mabakuli, wengine nguo. Wote wanaonekana kwa ubavu, jicho moja, sikio moja. Jumba lenyewe lilichomwa moto na mfalme wa Wayunani, akasema, lakini mawe yalibaki, na zamani yalipakwa rangi, nyekundu na buluu, si weupe huu wa mifupa. Mwisho kabisa wa foleni akanionyesha watu wenye nywele za kipilipili, mmoja amebeba pembe ya ndovu begani.

"Hawa ni wa kwenu," alisema. "Wametoka upande wa Kushi. Tazama, walitembea mbali kuliko wote, na hakuna aliyewaacha nje ya ukuta."

Nilikipandisha kitabu mlimani kimefungwa kwenye kanga. Namsifu alipomwona yule wa pembe ya ndovu alisema huyo ni Mpare, anakwenda kushtaki. Basi nikaamua kuchora watu sita: watano wa kwanza nitawatoa kitabuni, na yule wa sita, wa kwetu, nitamchora kutoka kwa mtu aliye hai, na mtu huyo awe Namsifu. Alikubali kwa sharti moja. Mimi nilitaka shavu la kushoto, kwa sababu mwanga wa dirisha ulitoka huko, lakini aligeuka akanipa kulia. "Chora upande huu," alisema, "huu ndio wangu. Na usinyamaze ukichora, nitasinzia." Kwa hiyo ikabidi foleni nzima ya Waajemi igeuzwe ielekee alikotaka Namsifu.

Sikuwa nimefundishwa kuchora. Nilichokuwa nacho ni kutazama. Kanisani kwetu palikuwa na picha ya Kizungu ambayo mchoraji ametia kivuli upande mmoja wa pua, na ukihama benchi macho yanakufuata. Waajemi hawakujali kivuli. Kwao mstari ukishakaa sawa, mtu amekamilika. Bwana Framji alinionyesha pia karatasi ya zama za baadaye, ya Uajemi huo huo, ambapo walio mbali wamechorwa juu na walio karibu chini, wote wazi, hakuna anayemziba mwenzake. Na kwetu? Mama zetu walichora mistari kwenye shingo za vyungu na kwenye vibuyu, lakini uso wa mtu sikumbuki kuuona popote. Wakati ule nilidhani ni kwa kutojua. Nilisaga udongo mwekundu, nikachanganya na ute wa mayai, masizi nikayapata jikoni, buluu ikatoka kwenye vidonge vya kufulia mashuka, na brashi nikazitengeneza kwa katani iliyopondwa. Kwa kuwa rangi ilichuruzika, nilianza juu kwenda chini, nisije nikaharibu nilichomaliza. Kwa hiyo nikachora kwanza vichwa vyote sita.

Hapo mvua za masika zikaja. Ukuta ulikuwa wa udongo uliopakwa chokaa, na maji yalipanda kutoka ardhini hadi usawa wa kiuno changu. Bibi Mkuu aliugusa kwa kiganja, akakataza mtu kupaka kitu chochote hapo chini mpaka ukauke, la sivyo chokaa yote itabanduka kabla mkaguzi hajafika. "Vichwa vinatosha kwa sasa," alisema. "Hata kwenye stempu Mfalme ana kichwa tu, na ni heshima." Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Vichwa sita vilikaa pale kwenye mstari mmoja, hakuna shingo wala mwili.

Aliyenifungua macho ni Mama Elieshi, mpishi wetu, mjane wa pale pale kijijini. Aliingia kuleta chai, akasimama mlangoni na birika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuingia. "Mwalimu, nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki, hawa ni Waajemi. Akaonyesha kwa kidevu kile cha sita. "Yule si Mwajemi. Yule nimempa uji leo asubuhi."

Yafaa niwaeleze vijana wanaosoma. Kwetu Upareni, wakati wa mababu, mzee alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa, likapelekwa msituni mahali pa ukoo, likapangwa pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Mwili ulibaki ardhini. Kichwa ndicho kilichokwenda kukaa na wazee. Nilijua hayo tangu utotoni. Nilijua msitu ambao hatukuruhusiwa kuutazama tukipita na kuni. Na bado nilikuwa nimesimama wiki tatu mbele ya mafuvu sita yaliyopangwa, matano ya watu waliokufa zamani na moja la mtu aliyelala kitanda cha pili chumbani kwangu, nikijisifu kwa mistari yangu.  Nikamwambia Mama Elieshi basi nitakifuta kichwa hicho. Akanitazama kwa namna ambayo siisahau. "Umfute?" alisema.

Nilimsimulia Namsifu mezani, nikijaribu kucheka. Yeye alicheka kweli. Alisema kama ameshakuwa mzee wa ukoo, basi tumletee pombe yake. Siku nne baadaye alishindwa kunyanyuka kitandani.

Ilikuwa homa isiyoshuka. Alitazama paa na kuongea na mama yake aliyekuwa Kihurio. Nilimpa maji kwa kijiko, na kila nilipotoka kwenda darasani nilipita mbele ya ukuta, na jicho lile moja nililolichora mwenyewe likanitazama. Niliomba. Niliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kigweno, kisha nikaogopa kwamba kwa Kigweno nimeomba kwa wengine. Jikoni niliwasikia wasichana wakinong'ona, "Mwalimu Nakijwa amemweka na wazee," na waliponiona wakaanza kupepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. Siku ya tano wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi Same, nami nikaruhusiwa kufuata. Njia ilikuwa tope tupu. Bwana Framji ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye treni ya kwenda hospitali kubwa, akamtandikia shuka lake mwenyewe kwenye benchi. Treni ilipoondoka nilikaa chini pale pale kwenye kokoto.

Bwana Framji alinipeleka chumbani kwake, akanipa chai, na mimi nikamwambia kila kitu, nikingoja anicheke. Hakucheka. Alitazama ile taa yake. Akaniambia kwamba watu wa dini yake kwa desturi hawazikwi wala hawachomwi, kwa sababu udongo ni safi na moto ni safi, na maiti haistahili kuvichafua. Huwekwa juu mahali pa mawe, chini ya jua, ndege wakamaliza. "Hapa Same niko peke yangu," alisema. "Kila nikipata homa silali. Nawaza, nikifa, hawa watu wema watanichimbia shimo kwa haraka, na wataimba."  Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye kofia ya kazi, akiogopa waziwazi hivyo, na ajabu ni kwamba nilipata nguvu kidogo.

Kisha akafungua kitabu kingine kwenye picha ya sarafu ya Waajemi wa kale. Mfalme wao alikuwa mzima hata pale kwenye duara dogo, mguu mmoja mbele, anakimbia na upinde. "Kichwa peke yake kwenye fedha kilishika desturi baadaye, na Wayunani," alisema. "Na wale wa kwenye ngazi, kumbuka, mchongaji hakumnyima mtu miguu. Mimi nasema ni kwa sababu mleta zawadi lazima arudi kwao. Atarudi na nini?"

Nilipanda mlima na neno hilo. Bibi Mkuu hakutaka kusikia. Ukuta bado ulikuwa na maji. Jumapili ile, wengine wote walipokwenda kanisani, nilisema kichwa kinaniuma, nikajifungia darasani. Mwalimu wa misheni kufanya kazi siku ya Bwana, tena kwa uongo, tena kwa sababu ya mambo ya msituni: nilijua kila dhambi kwa jina lake, na bado nikachovya brashi kwenye kopo. Mlango ulifunguliwa, nikadhani nimekwisha. Alikuwa Mama Elieshi, amevaa gauni la kanisani. Alifunga mlango nyuma yake, akalichukua kopo la masizi, akanishikia. Tuliusikia wimbo wa kwanza kutoka kanisani, na wa pili. Nilimpa Namsifu shingo, mabega, pembe ya ndovu, kiuno, mapaja, na kwenye ule unyevu wa chini nikampa miguu mikubwa, vidole vyote kumi, nikibonyeza rangi kwa kiganja ili ishike. "Mtie kisigino," alisema Mama Elieshi. "Asiteleze."

Niliadhibiwa kuomba msamaha mbele ya wasichana wote, nikaomba. Adhabu haikuniumiza. Kilichonitesa ni kwamba Bibi Mkuu alikuwa amesema kweli: wiki haikwisha, miguu ikaanza kubanduka. Kila asubuhi kabla ya kengele nilikimbia darasani kuhesabu vidole, na kila asubuhi kimoja kilikuwa sakafuni, kipande cha chokaa chekundu, nami nikapiga magoti nikakipaka upya. Nilifanya hivyo miezi miwili. Nilikonda, nikaacha kula makande. Kutoka Same, Bwana Framji alituma karatasi kwa wachuuzi waliopanda mlima, maneno mawili matatu kila mara, aliyoyapata kwa simu ya stesheni. Yuko hai. Bado homa. Amekunywa uji. Ninazo mpaka leo. Mkaguzi alikuja, akatazama ukuta dakika mbili, akauliza kwa nini wa mwisho ana miguu na wenzake hawana. Bibi Mkuu akamjibu kwamba kazi inaendelea.

Namsifu alirudi mwezi wa Agosti, kwa miguu yake mwenyewe, amenyolewa, shingo nyembamba. Nilimkimbilia njiani nikimwita kutoka kushoto kwake, nikamwita tena, naye akaendelea kutembea. Nikamshika mkono, akashtuka.

"Usiniite upande huo," alisema. "Homa imelichukua sikio hilo. Halisikii kitu."

Nilimkumbatia, na nikiwa nimemkumbatia nikauona ukuta akilini mwangu: uso wa ubavu, upande wa kulia, sikio moja tu. Sikio la kushoto sikulichora. Nilikuwa nimempa kila kitu isipokuwa hilo, kwa hiyo kila kitu kilirudi isipokuwa hilo. Aliniuliza kwa nini nalia hivyo na yeye amepona, nikasema ni furaha.

Tangu siku hiyo nilimkalia kulia. Alipoolewa Kihurio nilikuwa nikiteremka kila mavuno ya mpunga, na kila alipogeuza kichwa kunisikiliza niliona mstari wangu. Mara nyingi nilikaribia kumwambia. Mara moja, tukiwa wazee tayari, nilifika mpaka kwenye neno "ukuta," naye akaingilia akaanza kucheka habari za mkaguzi, nami nikashukuru kwamba ameniokoa. Shule ile ilivunjwa ikajengwa nyingine ya matofali. Bwana Framji alihamishwa kabla ya uhuru, na naomba kwa Mungu iwe alifia mahali penye watu wake.

Asubuhi ya maziko, binti mkubwa wa Namsifu, Elineema, aliniletea chai na kiporo cha wali, akaketi kwenye mkeka karibu na magoti yangu. Nilikuwa sijalala. Nikaona nikiondoka bila kusema nitakufa nalo. Nikamwambia yote, vichwa, Mama Elieshi, vidole, sikio. Alisikiliza hadi chai ikapoa.

"Mama mkubwa," alisema, "kwani mama hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Sikio lile liliharibika akiwa mtoto, hapa hapa. Lilitoka usaha mwaka mzima. Bibi yetu, mama yake, alimkataza asiseme kwa mtu, maana misheni wasingemchukua mwalimu kiziwi. Chuoni alijificha, na huko milimani alijificha. Alituambia alikuwa akiogopa kila siku, hasa wewe uliyelala naye chumba kimoja, usije ukagundua ukamwambia Bibi Mkuu kwa bahati mbaya. Homa ndiyo iliyomwokoa. Alipata pa kusingizia."

 Nilikiona kitanda kikihamishwa, kiti cha mwisho kushoto, ule mkono ukinisukuma njiani. *Na usinyamaze ukichora.* Hakutaka kusinzia, alitaka anisikie. Niliuchora upande ule kwa sababu ndio alioutumia kuisikiliza dunia, na foleni nzima ya mfalme wa Waajemi iligeuzwa kwa ajili ya siri yake, mimi nikidhani ni madeko. Nilikasirika, kwanza kabisa nilikasirika, miaka yote ile. Kisha nikacheka hadi Elineema akanishika bega, kisha nikalia kwa sauti kama mfiwa anavyopaswa kulia, na wanawake wa jikoni wakaitikia.

Walipokuja na misumari ya kufunga jeneza niliomba wangoje. Niliinuka kwenye kiti changu cha kulia, nikazunguka na mkongojo hadi upande wa dirisha, nikainama kwenye sikio lake la kushoto, nikamwambia habari za ukuta.